Namna ya kufungua na kushika vipodozi kwa mikono isiyo na nguvu

Assalaam aleikum, mama zangu, dada zangu na shangazi zangu, pamoja na kila aliyefungua video hii kwa sababu vidole vyake havimtii tena kama zamani. Karibuni nyumbani kwangu Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye meza ninayofanyia kazi ya kupamba maharusi. Mikono mnayoiona ni yangu mwenyewe. Baridi yabisi imeishika kwa miaka kadhaa, vifundo vimevimba, na kidole gumba cha kulia hakiwezi tena kubana kitu chembamba. Siku moja, katika nyumba ya harusi, nilishindwa kufungua kichupa cha faundesheni mbele ya bibi harusi, hadi shangazi yake aliponinyang'anya akakifungua kwa meno. Kupaka nilikuwa nakujua kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini kifuniko cha ukubwa wa kete ya bao kilinitoa jasho. Tangu siku hiyo nimekuwa nikirekebisha vyombo vyangu kimoja baada ya kingine, na leo nitawaonesha jinsi ninavyofanya.

Kabla hatujagusa mkasi, kunjeni mkono uwe ngumi. Chukueni kila kipodozi mlicho nacho na mjaribu kukifungua kwa ngumi hiyo, bila kukunjua kidole hata kimoja. Kinachofunguka, kama chupa ya losheni yenye pampu, kiwekeni upande wa kulia, na kinachokataa kiwekeni kushoto. Kipimo hiki sikukibuni mimi. Nchini Marekani, viwango vya majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu vinataka kitasa cha mlango kiweze kutumika kwa mkono mmoja, bila kubana kwa nguvu na bila kusokota kifundo cha mkono, na mafundi hukikagua kwa ngumi namna hii hii. Kama mlango unapimwa hivyo, sioni kwa nini kopo la krimu lisipimwe.

Upande wangu wa kushoto, kama mnavyoona, vimebaki vitu vinne: kopo la krimu lenye kifuniko cha kuzungusha, kichupa cha maskara (rangi ya kope), penseli ya wanja na poda ya kioo, yaani ile yenye kioo ndani na kibanio kwa mbele. Tutavirekebisha kwa vitu vinavyopatikana kwa fundi baiskeli, na katika mji huu wa baiskeli fundi hakosekani mtaa wowote. Najua mtu wa Tanga atatarajia nianze kwa kuzungushia kamba ya katani. Nilijaribu, lakini katani inakwaruza kiganja chenye maumivu, inanyonya mafuta ya krimu, na ikilowa haikauki upesi, kwa hiyo tuiache kwenye magunia.

Tuanze na kopo la krimu. Mwombeni fundi kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, ule uliokwisha kuzibwa viraka mpaka ukatupwa. Mpira wa baiskeli ni mwembamba, nao ukivutwa juu ya kifuniko kipana utahitaji nguvu zile zile tunazozikimbia. Uosheni kwa sabuni ndani na nje, kwa sababu ndani una unga mweupe unaoteleza, kisha uanikeni mpaka ukauke kabisa. Kateni pete yenye upana wa sentimita 2 au 3, muivishe kwenye ukingo wa kifuniko, na juu yake muongeze pete ya pili. Kazi ya kuvisha mpeni kijana wa nyumbani, maana hufanywa mara moja tu. Pete hizi husaidia kwa njia mbili: mpira hautelezi hata mkono ukiwa na jasho la kaskazi, na kifuniko kinakuwa kipana zaidi. Upana ndio unaopunguza kazi ya vidole, kwa kuwa kifuniko chenye upana mara mbili huzunguka kwa nusu tu ya nguvu. Ndiyo maana kikopo kidogo cha rangi ya midomo kinaweza kumshinda mtu anayefungua ndoo ya rangi bila shida.

Sasa tazameni namna ya kufungua. Wekeni kopo juu ya kitambaa kilicholowa maji na kukamuliwa, ili lisizunguke mezani. Lazeni kiganja chote juu ya kifuniko, nyosheni kiwiko kidogo, kisha mzungushe kwa kutumia bega. Vidole vitulie tu, visisukume chochote. Viungo vikubwa vina uwezo wa kubeba mzigo ambao viungo vidogo vilivyovimba haviwezi kuubeba, na mtu akizoea kuanzia begani jioni yake huwa na maumivu machache. Wakati wa kufunga, zungusheni mpaka kifuniko kiguse tu, msikaze. Yule anayewafungia kwa nguvu kwa nia njema ndiye anayewatesa kesho asubuhi, kwa hiyo mwambieni kwa upole.

Kwenye maskara nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu. Kichupa chake ni chembamba na cha duara, kinateleza, nacho kinahitaji mikono miwili ifanye kazi kwa pamoja, mmoja ushike na mwingine uzungushe. Aliyepata kiharusi na kubaki na mkono mmoja hana nafasi hapo. Kwanza nilikichomeka kwenye kopo lililojaa mchele, nikidhani mchele utakishika. Kumbe kichupa kilizunguka pamoja na kifuniko, nao mchele ukamwagika sakafuni. Baadaye nilikwenda kwa seremala nikamwomba pande la mti lenye urefu wa sentimita 25, upana wa 10 na unene wa 6, naye akanitobolea matundu matatu yenye kina cha sentimita 5. Mnapokwenda kwa seremala chukueni kichupa chenyewe, ili tundu lizidi unene wake kwa milimita 2 tu. Ndani ya tundu viringisheni kipande cha mpira wa baiskeli, ambao hapa unafaa vizuri, na chini ya pande la mti bandikeni kipande kingine ili lisisogee mezani. Mkikisukumiza kichupa ndani kwa kiganja, kinakaa wima, kinabanwa pande zote, na hakizunguki.

Kinabaki kifuniko cha maskara, ambacho ndicho pia mpini wa brashi yake. Hapa nunueni ule mpira unaovishwa kwenye ncha ya usukani wa baiskeli, mahali mwendeshaji anaposhika. Tundu lake lina upana wa milimita 22 hivi, kwa kuwa huo ndio unene wa kawaida wa bomba la usukani, na kifuniko cha maskara ni chembamba kuliko huo. Zungushieni kifuniko utepe wa kitambaa, raundi baada ya raundi, mpaka kijae tundu barabara, halafu kisukumeni ndani na kuacha ukingo wa chini wazi ili kiweze kufunga vizuri. Sasa badala ya kubana kijiti kwa ncha za vidole, mnashika mpini mnene wenye mabonde ya vidole, uliotengenezwa makusudi ili mkono wenye jasho usiteleze. Wakati wa kupaka, egemezeni kiwiko mezani na kuleta uso kwenye brashi, badala ya kupeleka brashi usoni. Mwenye mkono unaotetemeka ataona tofauti mara moja.

Maskara isihamishiwe chombo kingine, na ibadilishwe baada ya miezi mitatu hivi, kwa kuwa brashi inaingiza vijidudu kila inaporudi ndani. Mpira wa usukani mtauchomoa na kuuvisha kwenye maskara mpya.

Penseli ya wanja ni rahisi. Chukueni kandambili iliyokatika kamba, muioshe kwa sabuni, mkate vipande vitatu vya duara vyenye upana wa sentimita 3. Toboeni kila kipande katikati kwa msumari ulio baridi, kwa sababu msumari wa moto unatoa moshi mbaya, kisha pitisheni penseli kwenye matundu hayo kama mishikaki. Tundu likiwa dogo kidogo kuliko penseli litaishika lenyewe bila gundi. Bibi yangu alitumia kidau cha wanja chenye kitako kipana kisichoanguka hata kikipigwa na kiwiko, na sijui ni nani alitudanganya kwamba chombo kikiwa chembamba ndicho cha kisasa.

Poda ya kioo tatizo lake ni kile kibanio kinachodai ukucha. Kifungueni mara moja kwa msaada wa mtu, kisha msugue jino la kibanio kwa tupa ya kucha, kidogo kidogo huku mkijaribu, mpaka kifuniko kifunguke kwa kuvutwa tu. Bandikeni kwenye kifuniko ulimi wa utepe unaotokeza nje sentimita 3, upana ukitosha kushikwa kati ya vidole viwili bila kutumia gumba. Safarini kifungeni kwa bendi pana ya mpira ili poda isimwagike mkobani.

Wapo watengenezaji waliokwisha kulifikiria jambo hili. Terri Bryant, mpambaji wa Marekani aliyepata ugonjwa wa Parkinson, alianzisha Guide Beauty mwaka 2020 kwa ajili ya mikono isiyotulia kama yake. Mwaka huo huo mwimbaji Selena Gomez, mwenye ugonjwa wa lupasi unaoweza kuumiza viungo, alianzisha Rare Beauty, ambayo vifuniko vyake vingi vina umbo la tufe linalojaa kiganjani. Olay walitoa mwaka 2021 kifuniko cha krimu chenye mabawa mawili ya kusukuma, na mwaka 2023 L'Oréal walionesha HAPTA, kifaa cha umeme kinachotuliza mkono wakati wa kupaka rangi ya midomo. Madukani kwetu sijaviona, lakini maumbo yake hayana siri: tufe, bawa, mpini mnene. Mkienda dukani tafuteni maumbo hayo katika bidhaa yoyote, hata ya bei nafuu, kabla ya kutazama rangi ya boksi.

Hapo hapo dukani mwombeni muuzaji afungue chombo mbele yenu, abandue karatasi ya rangi ya fedha inayoziba chombo chini ya kifuniko na azungushe pampu mpya mpaka iinuke, kwa maana pampu nyingi huja zikiwa zimefungwa kwa kuzungushwa. Tangu siku hiyo hesabuni miezi. Alama ya kikopo kilicho wazi chenye namba na herufi M, kwa mfano 12M, inaonesha kipodozi kinafaa kwa miezi mingapi baada ya kufunguliwa. Mkiamua kuhamishia losheni kwenye chupa ya pampu, chupa ioshwe, ikauke kabisa, na tarehe iandikwe kwenye plasta ubavuni. Boksi la zamani lihifadhiwe, kwa sababu ngozi ikiwasha daktari atataka kusoma viambato.

Mwisho, pande lile la mti lipeni mahali pake mezani na lisihamishwe, vichupa vikae ndani yake wima hata visipotumika. Pete za mpira zivueni mara moja kwa mwezi zioshwe, kwa kuwa krimu inazilainisha polepole. Ikilegea, fundi baiskeli bado ana mpira mwingine.