Spika Ndiyo Inayochagua Ampilifaya

Ndugu zangu, karibuni. Swali ninaloulizwa kila mara kuhusu ampilifaya, yaani mashine inayokuza nguvu ya muziki ili iendeshe spika, ni moja: "Ina wati ngapi?" Leo nawaomba tuliweke kando kwanza, maana limeponza spika nyingi nzuri.

Tuanze na Klipschorn, spika ya mwaka 1946 ya Paul W. Klipsch wa Hope, Arkansas. Kabati lake kubwa hukaa kwenye kona ya chumba, na kuta mbili za kona hiyo huendeleza mdomo wa honi, yaani bomba linalopanuka kama tarumbeta. Ipe wati 1 tu, usimame mita 1 mbele yake, utapata takriban desibeli 105, kipimo cha ukubwa wa sauti. Sasa chukueni LS3/5A, spika ndogo iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje. Kwa wati hiyohiyo inatoa desibeli 82 au 83. Kila desibeli 10 zinadai nguvu mara 10, kwa hiyo kuifikia Klipschorn ingehitaji zaidi ya wati 150, na yenyewe imeundwa kuhimili kama 25. Haifiki, wala haikukusudiwa kufika. Kazi yake ilikuwa kumsikilizisha fundi mitambo sauti ya mtangazaji ilivyo kweli, na kwa sauti ya binadamu mimi bado naipenda mno.

Spika ya AR-3a ya Marekani naigusia tu: ukinzani wa umeme wa omu 4 tu, sanduku lililozibwa kabisa, besi ya kina, na inakula umeme mwingi. Ampilifaya ndogo ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, haiiwezi.

Spika ninayotaka tukae nayo ni Quad ESL ya Peter Walker, Uingereza, 1957. Haina koni wala sumaku. Ndani mna utando mwembamba wa plastiki uliojazwa chaji ya maelfu ya volti, katikati ya bamba mbili zenye matundu. Muziki ukiingia kwenye bamba, utando unavutwa huku na huku, na kwa wepesi wake unaitikia hata pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza neno.

Lakini kwa ampilifaya ni mzigo mgumu. Kwenye besi ukinzani wake unapita omu 30. Kwenye sauti za juu kabisa unashuka chini ya omu 2. Tena ina kikomo cha volti 33 za kilele. Ampilifaya ya wati 100 kwenye omu 8 hufika volti 40. Hapo cheche huruka na utando hutoboka. Zangu za kwanza zilikufa hivyo: mlio mmoja mkavu, upande wa kulia ukanyamaza. Iliniuma sana.

Hizi mnazoziona mbele zinaendeshwa na ampilifaya za Quad II za valvu, za mwaka 1953, wati 15 kila moja. Nimeziacha kwenye umeme tangu asubuhi ili utando ujae chaji. Tafadhali sogezeni viti katikati, kwani aliye pembeni hazimfikii vizuri, halafu tusikilize.