Jinsi ya kuelezea spishi mpya ya nautiloidi (na namna ya kutoiharibu kwa msumeno)

Haya, karibuni tena mezani kwangu. Leo hatugongi mwamba, leo tunaelezea spishi mpya. Hiki mnachokiona ni kipande cha chokaa nyeusi kutoka Tafilalt, jangwani kusini-mashariki mwa Moroko, upande wa Erfoud. Na huyu aliyelala ndani kama penseli ni nautiloidi, jamaa wa mbali wa pweza na ngisi, aliyeogelea zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Ndiyo, aliogelea. Jangwa limekuja juzi tu.

Kusafisha siirudii, tulishafanya. Kibali nacho kiwe mkononi kabla ya yote, twende.

Kwanza, jiwe lako liwe na kwao. Ukifika Erfoud utaona meza, sinki na vibao vilivyong'arishwa, vyote wanakuambia "orthoceras". Ni kama kwetu kila sabuni ya unga inavyoitwa Omo. Orthoceras wa kweli ni wa miamba ya Ordovisi, kipindi cha kale sana cha dunia, ya pande za bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya. Vibao vile ni vizuri, mimi mwenyewe ninacho kimoja nawekea chai, lakini sayansi haviingii: huwezi kujua vimetoka tabaka gani, na vingine ni vipande vya wanyama wawili vilivyoungwa kwa gundi na vumbi la jiwe. Unataka kilima, tabaka, na namba za GPS ulizoandika ukiwa umesimama palepale. Siyo jioni hotelini.

Sasa tazameni hili gamba. Hili si kisukuku, yaani si mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, ni nautilasi wa siku hizi, nililiokota ufukweni nyumbani Tanga. Mnyama mwenyewe haishi kwetu. Akifa kule mbali mashariki, gamba linaelea na mkondo hadi linatupwa pwani ya Afrika. Nimelikata nusu: vyumba hivi, kuta kati ya vyumba, na huu mrija mwembamba unaopita kuta zote. Ndio mnyama alioutumia kutoa maji vyumbani ili aelee. Yule wa Tafilalt ni huyuhuyu, ila hakujikunja. Na kwa sababu magamba huelea, usiandike "aliishi hapa". Andika "amepatikana hapa".

Vipimo. Kalipa, hiki kifaa cha kupimia unene, chukua kipenyo huku chini: milimita 12. Huku juu: 18. Kati yao milimita 60. Limeongezeka 6 katika 60, kwa hiyo pembe ya kutanuka ni karibu nyuzi 6. Pima umbali wa kuta pia. Kama gamba limebanwa na mwamba likawa bapa, kipenyo kitakudanganya, kwa hiyo pima pande zote mbili. Basi.

Sasa tulieni. Tulieni kabisa. Kukata.

Mrija umekaa katikati au pembeni? Kuta zimepinda vipi pale mrija unapopita? Hayo ndiyo yanayotenganisha spishi, na yote yako ndani. Lazima ufungue. Lakini KABLA ya msumeno: picha pande zote, halafu nakala ya silikoni na plasta. Narudia, nakala kwanza. Msumeno wa almasi unakula milimita moja, moja na nusu, na mrija wa mnyama mdogo una unene huohuo! Mimi wa kwanza nilimkata katikati barabara, kwa furaha, nikafungua... hakuna mrija. Umegeuka tope jekundu kwenye sinki. Sikuwa na nakala, sikuwa na picha ya maana.

Kwa hiyo usikate katikati. Kata pembeni, acha milimita tatu, halafu sogea kwa msasa, taratibu, na kila ukisogea piga picha. Msasa, osha, picha. Msasa, osha, picha. Ukiona mrija unaanza kuonekana, simama. Hapo ndipo mkono unawasha kuendelea. Simama! Na ukikata mshazari, mrija wa katikati utaonekana kama uko pembeni, utaandika spishi ambayo haipo duniani.

Tuje kwenye picha. Nje ya gamba tunapaka weupe wa kloridi ya amonia: ipashe moto, moshi wake unatua kama poda na mistari yote inajitokeza. Dirisha wazi, usivute moshi ule. Taa itoke juu kushoto, ndio desturi yetu, na kipimo cha... aa, upepo. Umepeperusha poda yote, mmeona? Ngoja niegemeze kitu mlangoni. Hiki ndicho kile nilichokikata katikati, angalau kinafanya kazi. Naanza upya. Nilijaribu hii Tanga wakati wa mvua, poda ikanyonya unyevu ikawa uji. Hapa penye ukavu inakaa vizuri.

Kisha linganisha. Joachim Barrande, mtaalamu wa visukuku, alichora nautiloidi wa Bohemia, Ucheki ya leo, kwa mamia karne ya 19, na wengi wa Tafilalt wanafanana nao. Usitegemee michoro peke yake. Mkusanyo wake uko makumbusho ya taifa Prague, omba picha za sampuli zenyewe. Wiki tatu zangu za "spishi mpya" ziliishia hapo siku moja.

Kama bado ni mpya, chagua kipande kimoja tu kiwe holotipu, yaani sampuli inayobeba jina la spishi, taja makumbusho na namba yake, andika waziwazi kwamba spishi ni mpya. Makala ikitoka mtandaoni peke yake, lazima isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, na namba ya usajili ionekane ndani ya makala. Sheria hiyo ipo tangu 2012.

Na jina! Hapa nilichekwa. Majina yanayoishia na -ceras, yaani "pembe" kwa Kigiriki, si ya kiume wala ya kike, yana ngeli ya tatu. Kivumishi lazima kifuate: Orthoceras regulare, siyo regularis. Mimi nilimalizia na -us. Mswahili mzima, niliyekua nikigombezwa kwa kusema "kisu mkali"...

Subiri. Lebo. Ile lebo nyuma ya taa, inaonekana jina? Inaonekana. Nakata hapo, na hiyo sehemu nitaifunika. Jina la kwenye video halihesabiki kama limechapishwa, ila mtu anaweza kuliwahi.

Nakala za plasta nauza, kiungo kiko chini. Lebo zake hazina jina bado.