Elfu Mbili ya Shangazi

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi. Dulla, nina langu la Jumamosi, nisipolitoa sitaweza kuendelea.

DULLA: Shikamoo kwanza, dada.

ZUHURA: Marahaba. Nilikuwa Mbagala, harusini. Taarab ikapigwa mpaka saa sita usiku, halafu DJ akaweka singeli, ule muziki wa mbio. Vijana wakajaa uwanjani, mimi nikahama na kiti changu hadi kwenye masufuria. Sina hasira nao. Mwili tu umegoma.

DULLA: Na ndiyo mada ya leo, kwa nini muziki fulani haukuingii. Nimeandika mambo matatu ya msikilizaji kuondoka nayo. La kwanza...

ZUHURA: Ngoja nikwambie ya shangazi.

DULLA: Huyu huyu wa Tanga?

ZUHURA: Huyo huyo. Mwimbaji kafika kwenye mstari wa jirani anayechungulia dirishani. Shangazi kanyanyuka, elfu mbili kaibana kwa vidole viwili, juu, kila mtu aione. Anakwenda kwa mabega, taratibu, goti linamsumbua. Mstari ukaisha hajafika hata nusu ya njia. Mwimbaji akaurudia. Akaurudia tena. Mpiga kinanda macho yote kwa shangazi. Noti ilipotua mkononi ndipo ubeti ukasonga.

DULLA: Kwa hiyo hela ile alimtunza mwimbaji kwa sauti yake, au alitunza mstari?

ZUHURA: Mstari! Jirani mwenyewe alikuwa meza ya pili, kanuna.

DULLA: Mama yangu hutunza sauti. Hata wakiimba habari za bahari ananyanyuka.

ZUHURA: Hiyo bahari ina mtu wake. Kamuulize.

DULLA: (anacheka) Siulizi!

ZUHURA: Jibu langu nimelipata pale. Taarab ilimngoja shangazi. Singeli haimngoji mtu.

DULLA: Hapo nakukatalia. Singeli imetoka humo humo. Kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, watoto wa Manzese na Tandale walichukua vipande vya ala za taarab, wakavizungusha, wakavikimbiza. Leo inapita mapigo 200 kwa dakika, lakini kinanda ni kile kile unachokipenda.

ZUHURA: Maneno yanapita sijayashika.

DULLA: Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Upande mmoja dakika tatu hivi, sindano ikifika mwisho imefika. Santuri ilimngoja nani? Na wewe unalia ukimsikia.

ZUHURA: Nalia kwa sababu kila neno nalisikia.

DULLA: Basi shida yako ni maneno, kungojwa hakumo.

ZUHURA: Kumo. Neno likikaa mdomoni muda wake, nimengojwa.

DULLA: Sikubali, dada. Nimekulia Tandale, ile kasi ndiyo iliyonipokea. Taarab ikipigwa saa nzima najihisi niko sebuleni kwa watu, nimekatazwa kugusa kitu.

ZUHURA: Hilo hujawahi kuniambia.

DULLA: Ndiyo nakwambia leo.

ZUHURA: Na singeli bado siitaki.

DULLA: Sikulazimishi. Ila usiseme haimngoji mtu.

ZUHURA: Nasema.

DULLA: Haya, fundi mitambo ananionyesha kidole, dakika moja. Na yale mambo matatu?

ZUHURA: Yaache. Niulize shangazi alitunza mara ngapi.

DULLA: Mara ngapi?

ZUHURA: Nne. Ya mwisho kakopa kwangu.