Skrini nne kwa bei ya mtumba

Asanteni, karibuni, na walio mlangoni wasogee ndani, viti bado vipo.

Najua wengi wenu mmevutwa na zile picha za mitandaoni: kijana kaketi kwenye kiti cha ngozi, mbele yake skrini sita, zote zimejaa mishumaa ya chati, ya kijani na myekundu, inayoonyesha bei ikipanda na kushuka. Skrini tutazifikia. Ila niseme mapema ninachokiamini: kwa anayefanya forex, yaani biashara ya fedha za kigeni, hapa Kisumu, shilingi ya kwanza iende kwenye stima na mtandao. Skrini zinunuliwe na chenji.

Angalieni saa. Soko la fedha za kigeni huchangamka zaidi London na New York zinapokuwa wazi pamoja. Kwa saa zetu ni tangu saa tisa alasiri hadi saa moja jioni, na wenzetu wakirudisha saa zao nyuma wakati wa baridi, inakuwa saa kumi hadi saa mbili usiku. Takwimu za ajira za Marekani, ambazo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hutufikia saa tisa na nusu au saa kumi na nusu. Sasa niambieni, Aprili, saa tisa na nusu alasiri, mawingu yako wapi? (Kicheko.) Yako juu ya Nandi, yanateremka na radi zake. Mliotoka Kakamega na Kisii hamhitaji kuelezwa. Saa unayoihitaji mashine kuliko zote ndiyo saa ambayo stima hupotea.

Na zikipotea? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hupoteza pesa bila kujua kwa nini. Kwenye MetaTrader, programu ya kufanyia biashara hii, stopu losi ya kawaida, yaani agizo la kufunga biashara hasara ikifika kiwango ulichopanga, ukishaiweka huhifadhiwa kwenye seva ya broka, kampuni inayokuunganisha na soko. Kompyuta ikizimika, ulinzi wako unabaki. Lakini stopu losi ile inayoifuata bei, inayojisogeza yenyewe kadiri faida inavyoongezeka, husogezwa na programu iliyo mezani pako. Mashine ikilala, nayo inalala, inabaki pale ilipofika mara ya mwisho. Roboti za kufanyia biashara ni vilevile. Mwenye kutegemea vitu hivyo akodi kompyuta ya mbali iliyo karibu na seva ya broka, kisha hapa nyumbani atazame tu. Huyo hata skrini ya pili si ya lazima.

Tuje kwenye UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta stima zikipotea. Ile ndogo ya 650 VA hutoa takriban wati 360, na ndani yake mara nyingi kuna betri moja ya volti 12 na saa-ampea 7. Zidisheni: ni wati-saa 84, na hupati zote, nyingine hupotea njiani. Kompyuta ndogo ya mezani na skrini nne za inchi 22 zinaweza kula wati 130 kwa pamoja. Mtapata dakika kumi na kitu, basi. Kwa hiyo msichomeke kila kitu. Upande wa betri wekeni kompyuta, rauta na skrini moja tu. Hizo nyingine tatu zizimike kwa amani. Betri ikiwa nzima mnavuka nusu saa, na nusu saa inatosha kufunga biashara zilizo wazi na kunywa maji. Mtandao wa pili ni bando la simu kutoka kampuni tofauti na ile ya faiba yenu, na mjaribu hotspoti kabla ya siku ya shida. Ingawa hata hilo lina mpaka wake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mtandao za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na wa faiba na wa bando wote walilia.

Haya, mashine. Msinunue laptopu mpya ya michezo. Kwa bei yake mnapata mfumo huu wote na pesa zinabaki. Tafuteni kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, hizi tunazoita ex-UK: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zilijengwa kukaa zimewashwa mchana kutwa. Someni namba ya prosesa: i5-7500 ni kizazi cha saba, i5-8500 ni cha nane. Chukueni cha nane kwenda mbele. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi haikubali Intel ya kizazi cha saba ila modeli chache mno. Muuzaji atawaambia ya saba inafanya kazi sawasawa. Ni kweli, inafanya. Lakini ndiyo hiyo mtakayoingizia nywila ya akaunti yenye pesa.

RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB 16, vijiti viwili vya nane, na SSD, diski ya kuhifadhia, hata ya GB 256 inatosha. MetaTrader yenyewe haina ulafi. Mlafi ni kivinjari chenye chati kumi za TradingView, ile tovuti ya chati za bei.

Skrini tatu hazihitaji kadi yoyote ya grafiki. Grafiki ya Intel iliyo ndani ya i5-8500 inaendesha skrini tatu kwa wakati mmoja, mradi kompyuta ina matundu matatu ya kuchomekea skrini. Nyingi kati ya hizi huja na DisplayPort mbili, na la tatu ni la hiari: VGA, HDMI, au kipande cha plastiki kilichoziba shimo. Tazameni nyuma kabla ya kulipa. Ya nne ndiyo inadai kadi, na hapo msidanganywe na kadi za michezo. Quadro P620 ina matundu manne ya mini DisplayPort, inakula wati 40 tu, na inaupata umeme wote kwenye sloti yake, ambayo inaweza kutoa hadi 75. Kama kompyuta ni ya mwili mwembamba, kadi iwe na kile kibati kifupi, la sivyo kifuniko hakifungi. Na ombeni adapta zake palepale, maana kuzitafuta baadaye moja moja ni gharama.

Dada pale ananiuliza kama TV moja ya 4K haitoshi. Swali zuri. Hesabu inakubali: skrini nne za 1920 kwa 1080 ni sawasawa na 4K moja ya 3840 kwa 2160, na TV ya inchi 43 ni kama kubandika pamoja nne za inchi 21.5. Ila HDMI 1.4 hupeleka 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na TV nyingine huyapaka maandishi rangi hadi macho yaume. Zaidi ya hayo, stima zikipotea huwezi kuzima robo tatu ya TV.

Stendi msiagize. Nyuma ya skrini kuna matundu manne ya skrubu, mara nyingi milimita 100 kwa 100. Pimeni, mpelekee fundi wa kuchomea pale Kibuye, awakatie bomba la mraba. Skrini ziwe za modeli moja, la sivyo kijani cha hii hakitafanana na cha ile.

Na wale wa hisa za Nairobi, soko linafungwa saa tisa. Simu inawatosha, rudini nyumbani. (Kicheko.)

Nimekuja na OptiPlex hapa mezani pamoja na kadi yake. Naifungua sasa, njooni wanne wanne, na atakayeshika kadi aguse kwanza chuma cha kasha, umeme tuli umtoke mwilini.