Sifa Isiyopanda Mlima Kitonga

Mhadhara uliotolewa Mbeya mbele ya walimu na wenye maduka ya stashenari

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ndugu zangu wa stashenari mliofunga milango mchana huu ili mje kunisikiliza, nawashukuru. Walionisikia Iringa, na wale wa hapa hapa Mbeya ambao huu ni mwaka wao wa tatu wa kunivumilia, wanajua nitakachosema, na baadhi yao nimewaona wakitabasamu kabla sijafungua kinywa. Nitakirudia hata hivyo, kwa sababu asubuhi ya leo, chai yangu ikiwa haijapoa, mwalimu mmoja amenipigia simu kuniuliza lile swali linalonichosha: "Mwalimu, kampuni gani ya kompyuta ndiyo bora?"

Nilimjibu kwa swali: bora kwa nani, na ikiharibika utaipeleka wapi? Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba amesoma maoni ya wateja, na mashine anayoitaka ina nyota nne na nusu. Basi tuanze na hizo nyota.

Sina ugomvi na maoni ya wateja yanapokusanywa kwa makini. Mwezi Agosti 2017, Consumer Reports, shirika la Marekani la kutetea watumiaji ambalo limekuwapo tangu 1936, liliacha kupendekeza kompyuta mpakato na vishikwambi vya Surface vya Microsoft. Katika maabara zao mashine hizo zilifanya vizuri. Walipowauliza wenye nazo, hata hivyo, wakasikia habari za mashine zinazoganda, zinazojizima zenyewe na vioo visivyoitika vikiguswa, wakakadiria kwamba asilimia 25 zingepata hitilafu kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Microsoft iliyakataa makadirio hayo, na mwaka uliofuata shirika lilirudisha pendekezo lake kwa baadhi ya mashine hizo. Mimi nasema hayo ndiyo maoni, maana yametoka kwa mtu aliyekaa na mashine miaka miwili, na yameuliza jambo moja linaloweza kuhesabiwa, yaani je, iliharibika? Nyota nne na nusu huandikwa mara nyingi na mtu ambaye boksi lake bado liko sebuleni.

Najua mtasema Apple, kwani hakuna mkutano ninaotoka bila kuambiwa Apple. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi wateja wa Marekani wameiweka juu, kwa mashine zenyewe na kwa huduma pia, na sina sababu ya kuwabishia. Lakini tazameni sifa hiyo ya huduma inatoka wapi. Mteja wa Chicago huingia katika duka la kampuni yenyewe akiwa na mashine mkononi, hukaa mbele ya kaunta, na mtu aliyefundishwa na kampuni huifungua hiyo mashine. Duka la namna hiyo, linaloendeshwa na Apple yenyewe, halipo hata moja katika bara zima la Afrika. Kwa hiyo ukiichukua alama ya huduma iliyotolewa Chicago ukaileta Uyole, hapa Mbeya, umebeba sifa ya kaunta usiyoweza kuifikia. Ubora wa mashine husafiri pamoja na mashine, lakini huduma hubaki ilipo, na huku kwetu mara nyingi haipandi hata Kitonga, ule mlima wa njia ya kutoka Dar es Salaam.

Sasa niruhusuni nisimulie habari ya bawaba. Mwenyekiti anacheka, lakini wapo wageni.

Niliinunua kompyuta mpakato mpya Dar es Salaam, kwenye boksi lenye stika, kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na waranti ya mwaka mmoja. Mtengenezaji sitamtaja, wala wakala wake, kwa kuwa nikiwataja mtatoka hapa mkikumbuka jina na kusahau somo. Maoni niliyoyasoma kabla ya kununua yalisifu kioo, kibodi na chaji inayodumu, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Mwezi wa saba tangu niinunue, asubuhi moja ya baridi ya Julai, niliifungua nikasikia mlio kama wa ukucha unaokatwa. Bawaba ya kushoto ilikuwa imeng'oka na kuondoka na kipande cha plastiki kilichoshika skrubu zake. Skrubu zile zilikuwa zimekazwa kwenye vijiti vya plastiki vyembamba kuliko njiti ya kiberiti, navyo ndivyo vilivyobeba nguvu yote ya kufungua na kufunga kila siku.

Nilipiga simu, nikasikilizishwa muziki, kisha nikaambiwa niilete kituo cha huduma Dar es Salaam. Zaidi ya kilomita mia nane! Nikaizungushia kitenge cha mama watoto, nikaitia katika boksi la mafuta ya kula, nikaipeleka stendi na kuilipia kama kifurushi. Mpwa wangu akaipokea kule Dar, stendi ya Mbezi, akaenda nayo kituoni, na huko akaombwa risiti. Sasa ninyi wa stashenari mnajua karatasi ya EFD ilivyo, maana huchapwa kwa joto, na ikikaa miezi saba katika pochi maandishi hupauka mpaka ukadhani umepewa karatasi tupu. Tarehe haikusomeka. Kilichotuokoa ni ile namba ya uhakiki iliyo chini, ambayo ilikuwa bado inaonekana kwa shida, kijana akaihakiki kwenye mfumo wa TRA, Mamlaka ya Mapato, na risiti ikatokea kwenye simu yake, tarehe na yote. Nilijivunia sana mpwa wangu siku hiyo.

Fahari yangu haikudumu. Mashine ilikaa siku arobaini na moja, ikarudi na bawaba ile ile iliyovunjika pamoja na karatasi iliyosema kwamba huo ni uharibifu uliosababishwa na mtumiaji, na waranti haiuhusu. Kwa maneno mengine, kosa langu lilikuwa kuifungua.

Niliipeleka Mwanjelwa, hapa hapa mjini. Fundi aliitazama, akauliza kama nina haraka, akatoboa matundu mawili kwenye kifuniko, akapitisha skrubu ndefu zenye nati, akajazia gundi ile ya kuchanganya mirija miwili, akaniambia nisiifunge mpaka kesho. Ina sura mbaya kama gari lililopigwa bodi kando ya barabara. Ndiyo hii hapa mbele yenu, na ndiyo niliyoandikia mhadhara huu.

Mtu ataniuliza: je, si bahati mbaya tu? Inawezekana, kwa kuwa mashine moja haihukumu kiwanda. Ila nilipokwenda kumshukuru yule fundi nilikuta mezani kwake mashine tatu za toleo lile lile, zote zimeng'oka upande wa kushoto. Yeye hajawahi kuandika maoni popote, wala hakuna aliyewahi kumuuliza, na hapo ndipo palipo na malalamiko yangu yote. Watu wanaojua ni mashine zipi zinakufa Mbeya, na zinakufa kwa nini, ni mafundi wasiozidi kumi, nao wanajua kwa vidole vyao.

Tena msiniletee habari ya "HP ni chuma" au "Dell haifi", kama mnavyopenda kusema nyie wa stashenari. Nyingi ya mashine zinazosifiwa hapa mjini ni EliteBook za HP, Latitude za Dell na ThinkPad za Lenovo zilizotumika katika ofisi za Ulaya, zikauzwa kwa jumla, zikatufikia zikiwa na miaka minne au mitano. Hizo ni mashine za safu ya ofisi, ambazo watengenezaji wake huweka hadharani hata miongozo ya kuzifungua na kubadilisha spea. Anayesifu HP kwa sababu ya EliteBook iliyotumika, kisha akaenda kununua Pavilion mpya, mashine ya HP ya nyumbani, kwa imani hiyo hiyo, amenunua jina. Na kuna jambo jingine, nalo ni kwamba zilizokufa katika mwaka wa kwanza huko Ulaya hazikupanda meli. Tunazoziona Mwanjelwa ni zile zilizovuka, na sisi tunamsifu mama yao kana kwamba watoto wote walikua.

Jina lenyewe huficha mengi. Agosti 2006 Dell iliita irudishwe betri milioni 4.1 kwa hatari ya kuwaka moto, na chembe za ndani ya betri hizo, zile zinazohifadhi umeme, zilikuwa zimetengenezwa na Sony. Chembe za Sony zilikuwa pia ndani ya betri ambazo Apple iliita zirudishwe mwezi ule ule, kwa hiyo mabishano ya nani bora kati ya Dell na Apple yasingemsaidia mwenye betri.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na nilitaka kusema mengi juu ya vishikwambi, hasa kwa walimu mliopewa vile vya Sensa ya 2022. Nitasema moja tu. Mwaka 2013 kampuni ya utafiti ya J.D. Power iliwauliza wateja wa Marekani kuhusu vishikwambi vyao, Samsung ikapata alama 835 kati ya 1,000 na Apple 833, kukawa na mabishano makubwa kwa alama mbili ambazo kwa sehemu kubwa zilitokana na bei. Kwetu sisi kishikwambi hufia kwenye tundu la chaji, kwa hiyo kabla ya kununua muulizeni fundi kama tundu la toleo hilo linapatikana mjini. Habari ya Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, tuiache mpaka siku nyingine.

Waranti nayo kwa ufupi. Kwa kampuni kubwa, namba iliyo chini ya mashine ukiiandika kwenye tovuti ya mtengenezaji itakuonyesha waranti inaisha lini, na kwa mashine ya mtumba mara nyingi iliisha zamani. Ihakikini kabla hamjatoa hela. Na risiti ya EFD ipigeni picha siku ile ile.

Pale mlangoni nimeweka kaunta buku, na kalamu nimeifunga kwa kamba kwa kuwa nawafahamu. Kila ukurasa una mistari ya toleo kamili la mashine, mwezi iliponunuliwa, ilikuwa mpya au mtumba, kilichoharibika, siku ilizokaa bila kazi, na aliyeitengeneza. Ukurasa wa kwanza nimejaza mimi, bawaba ya kushoto. Wa pili hadi wa nne ameujaza fundi wa Mwanjelwa, jana jioni, na mwandiko wake mtauzoea.