Dhahabu hakuna, mdogo wangu

Hamjambo Malindi, hamjambo Gede! Hapa nyuma yangu ni kiwanja kitakachojengwa nyumba, huku Uingereza. Sisi wa akiolojia, wachunguzi wa mabaki ya kale, ndio tunaotangulia kabla ya katapila. Tangu 1990 kanuni za mipango miji zinamtaka mwenye mradi agharamie uchunguzi wa vilivyomo ardhini, na ndiyo maana huku kazi hii ina soko. Mama mdogo akiulizwa na majirani husema nawachimbia Wazungu mitaro. Hajakosea sana.

Kijana mmoja wa Timboni ameniandikia: bro, dhahabu mnapata? Hatupati. Tunapata vigae vya vyungu, mifupa ya mbuzi, na misumari iliyoliwa na kutu. Kutwa uko magotini na mwiko, huo huo wa fundi mwashi, mvua inakunyea. Mkataba ni wa mradi. Mradi ukiisha, unatafuta mwingine.

Lakini kazi hasa ni kuandika. Kuchimba ni kuharibu: tabaka la udongo ukishaliondoa, halirudi. Kwa hiyo kila tabaka lina fomu yake, mchoro, vipimo, picha. Kigae kisichojulikana kimetoka tabaka gani hakina maneno mengi ya kukwambia.

Tazameni magofu ya Shanga, kule kisiwa cha Pate, Lamu. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe, akakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, hadi akafika kwenye ile ya miti ya karne ya 8. Mji ulikua hapo hapo, polepole. Mwenye haraka ya hazina angebeba sarafu za fedha zilizokuwemo, na hiyo hadithi yote angeifukia kwa koleo lake.

Magofu ya Gede nayo mnayajua, mlipelekwa na shule. Zile Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Taa ya Chuma ziliitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani, enzi za mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba 1948. Na msidhani ni kazi ya Wazungu tu: Mkenya mwenzetu Chapurukha Kusimba alikuwa kwenye timu iliyopata kisiwani Manda, Lamu, 2013, sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle.

Kwa hiyo, wa Timboni, ukilima ukakuta vigae, usivioshe wala usimpelekee tajiri yeyote Watamu. Viache, vipige picha pale pale, uwaambie watu wa makumbusho. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inavilinda. Na kama unataka kusomea, Chuo Kikuu cha Nairobi wanafundisha. Mambo ya mshahara tutaongea inbox, hapa mama mdogo anasikiliza.