Chokaa Iliyozishika Ngome

Mabibi na mabwana, nimekwisha kulisema jambo hili katika kumbi nyingi, na nitalisema tena leo: tunapozisifu ngome za kale za Ulaya kwa mawe yake peke yake, tunakisahau kilichoyashika mawe hayo.

Chukueni ngome ya Beaumaris huko Wales, ambayo Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alianza kuijenga mwaka 1295. Februari ya mwaka uliofuata, fundi mkuu James wa Saint George na mwenzake Walter wa Winchester waliiandikia hazina ya mfalme kudai fedha, wakaeleza kwamba walikuwa na waashi 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, na mashua 30 zilizoleta mawe na makaa ya mawe. Watu huisoma barua hiyo, wakastaajabia idadi ya waashi, wakapita. Makaa hayo hawayaulizi, ilhali ndiyo yaliyowasha matanuri ya chokaa.

Jiwe la chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi, likatoka jeupe na jepesi kuliko lilivyoingia, kwa kuwa hewa ya ukaa imelitoka. Ukilimwagia maji, linapasuka, linatokota na kufuka mvuke bila moto wowote chini yake, kisha linalegea likawa uji mzito ambao mwashi huuchanganya na mchanga. Ukishapakwa ukutani, uji huo huivuta tena ile hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, nje kwanza, ndani baadaye sana. Na ukuta mnene wa ngome, mkumbuke, ulikuwa nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, na katikati kifusi kilichoshindiliwa pamoja na chokaa. Ndiyo maana kazi ilisimama majira ya baridi, na vichwa vya kuta vikafunikwa nyasi kavu na samadi, barafu isije ikaiharibu chokaa mbichi.

Mtu ataniambia kwamba saruji ni ngumu zaidi. Naam, na ugumu huo ndio unaoziua kuta hizi! Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huuzuia, maji yakakimbilia kwenye jiwe pamoja na chumvi yake. Tazameni ukuta wa kale uliozibwa kwa saruji: mshono umechomoza kama ubavu wa ng'ombe aliyekonda, na jiwe limeliwa juu na chini yake. Mafundi wa Kilwa, waliojenga jumba la sultani la Husuni Kubwa miongo michache tu baada ya Beaumaris kuanza, nao walijengea chokaa, ila wao walichoma matumbawe.

Nilikusudia kuzungumzia pia mbao na madini ya risasi ya kuezekea mapaa, lakini muda umenitupa mkono. Kuhusu Malbork, huko Poland, ambako ngome nzima ni ya matofali, niseme hili tu: hata matofali hayo yameshikwa na chokaa.